Jinsi ya kumaliza tasnifu ya uzamili Tanzania: mada, vibali, msimamizi na utetezi

Wanafunzi wengi wa uzamili hufaulu kozi zote bila shida, kisha hupotelea kwenye tasnifu. Ukiwauliza wamefikia wapi, wanajibu "naandika". Ukidadisi zaidi unakuta si kuandika kunakowachelewesha. Kuna barua inayosubiri sahihi mkoani, kuna sura iliyolala kwa msimamizi tangu mwezi uliopita, au kuna lengo la tatu ambalo data zilizokusanywa haziwezi kulijibu hata zikizungushwa vipi. Mwongozo huu unafuata utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, na pale Kenya inapotofautiana sana nimeitaja. Nimekaa zaidi pale watu wanapokwama. Habari za fonti na pambizo utazikuta kwenye kanuni za chuo chako.

Hatua ya 1: Jua umesajiliwa katika mpango gani

Uzamili wa kozi na tasnifu ndio wa wengi: unakaa darasani kwanza, kisha unaingia kwenye utafiti. Upo uzamili wa tasnifu tupu, ambao andiko lake hutarajiwa kuwa zito zaidi kwa kuwa ndilo linalobeba shahada nzima. Zipo pia programu za kitaaluma, hasa za biashara na utawala, zinazomalizia kwa ripoti ya mradi iliyo fupi kuliko tasnifu. Masharti ya kila mpango ni tofauti, na ushauri wa rafiki aliyesoma mpango mwingine unaweza kukupoteza bila yeye kukusudia.

Chukua kanuni za masomo ya uzamili za chuo chako, toleo linalotumika sasa, moja kwa moja kutoka ofisi ya masomo ya uzamili. Humo tafuta ukomo wa muda wa usajili na gharama ya kuongezewa muda, idadi ya juu ya maneno au kurasa, mtindo wa marejeleo, na kama unatakiwa kuwa na makala jaridani kabla ya kuhitimu. Hilo la makala huwashtua wengi mwishoni, na mchakato wa jarida unaweza kuchukua miezi mingi.

Angalia na lugha. Anayesoma uzamili wa Kiswahili katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu Huria, anaandika tasnifu kwa Kiswahili. Idara nyingine nyingi zinataka Kiingereza.

Kabla hujaandika chochote, ingia kwenye hazina ya mtandaoni ya maktaba ya chuo chako. Sokoine, Muhimbili, Dar es Salaam na Nairobi zote zina tasnifu zilizopita ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Chagua chache za idara yako, za miaka ya karibuni, na uzisome kwa jicho la fundi: sura ngapi, mapitio marefu kiasi gani, nadharia imetumikaje. Idara zina desturi ambazo hazikuandikwa popote, na hapo ndipo zinapoonekana.

Hatua ya 2: Punguza mada mpaka iweze kufanyika

"Changamoto za Elimu Tanzania" si mada ya tasnifu. Hata wizara haiwezi kuimaliza. Mada inayofaa inataja jambo, watu na mahali, kwa mfano: "Matumizi ya Huduma za Fedha kwa Simu miongoni mwa Wauza Mboga wa Soko la Mabibo, Dar es Salaam". Nitautumia mfano huu hadi mwisho.

Ihoji mada yako bila huruma. Watu hawa utawafikia kwa nauli uliyonayo? Watakubali kumweleza mgeni habari za fedha zao? Nani ameshaandika juu ya jambo hili, na nini hakukigusa?

Swali la mwisho ndilo linalozaa pengo la utafiti, na hapa ndipo mapendekezo mengi ya utafiti (maandiko ya mpango yanayotangulia tasnifu) hurudishwa. Mwanafunzi anaandika kwamba "hakuna utafiti uliofanyika Mabibo" na kudhani ameshamaliza. Mtahini atamuuliza: Mabibo kuna nini ambacho hakipo Kariakoo au Tandale? Pengo lenye nguvu linaonyesha kwamba waliotangulia wamejibu swali moja wakaacha jingine. Pengine waliwachunguza wenye maduka na leseni, lakini hawakumgusa muuzaji anayekopa mtaji alfajiri na kuulipa jioni. Huyo ana sababu zake za kutumia simu, na hizo bado hatujazisikia.

Kuwa mwangalifu na kichwa kinachoanza na "Athari za…". Ukisema athari umejifunga kuonyesha kwamba jambo la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Hojaji uliyoigawa mara moja kwa kundi moja la watu haiwezi kuthibitisha hilo. Inaweza kuonyesha uhusiano, au mtazamo wa wahojiwa kuhusu athari hizo. Kichwa kikisema hivyo tangu mwanzo, utetezi wako utakuwa na amani zaidi.

Hatua ya 3: Unganisha malengo na kila kitu kingine kabla hujaenda popote

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu vizuri katika pendekezo lako, fanya hili. Chora jedwali. Safu ya kwanza weka malengo mahususi, ya pili swali la utafiti linalolingana na kila lengo, ya tatu data zinazohitajika, ya nne watu au maandiko zitakakotoka, ya tano mbinu ya kuzikusanya, ya sita namna ya kuzichambua. Acha safu mbili tupu upande wa kulia kwa ajili ya matokeo na hitimisho. Utazijaza baadaye.

Tuseme malengo ya utafiti wa Mabibo ni kubainisha aina za huduma zinazotumiwa, kueleza sababu za wauzaji kuzichagua, na kupima uhusiano kati ya matumizi ya huduma hizo na ukubwa wa mtaji. Vitenzi vinaonekana kama ndugu, lakini kila kimoja kinadai kitu chake. "Kueleza sababu" kunataka mahojiano marefu na watu wachache. "Kupima uhusiano" kunataka namba, tena za watu wengi waliochaguliwa kwa utaratibu. Mwanafunzi aliyewahoji wauzaji 20 kwa kina ana data nzuri sana za lengo la pili na hana kitu cha kuweka kwenye lengo la tatu. Jedwali lingemwonyesha mapema, angali na muda wa kulifuta lengo hilo au kuongeza hojaji.

Kwa sampuli ya kitakwimu wengi hutumia kanuni ya Yamane: idadi ya watu wote unaigawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kiwango cha kosa. Kama soko lina wauzaji 1,200 walioandikishwa na kiwango cha kosa ni 0.05, unapata 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025), yaani 1,200 ÷ 4, ambayo ni 300. Hesabu ni rahisi, ndiyo maana inanakiliwa kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba inadhani una orodha ya watu hao na utawachagua kwa bahati nasibu. Ukiwachukua 300 wa kwanza waliokubali kusimama, kanuni haikusaidii tena, na mtahini mwenye takwimu zake atakushika hapo. Katika mahojiano ya kina huhitaji kanuni hiyo kabisa. Unaendelea hadi wahojiwa wapya wawe wanarudia yale uliyokwisha kuyasikia, na unaeleza hivyo kwenye sura ya mbinu.

Anayefanya fasihi au isimu asijione amesamehewa jedwali. Data zake ni matini, lakini bado atatakiwa kueleza kwa nini riwaya hizi mbili na si nyingine.

Hatua ya 4: Pendekezo na semina ya idara

Pendekezo ni sura tatu za kwanza zikiwa katika wakati ujao: utangulizi wenye usuli na tatizo la utafiti, mapitio ya maandiko pamoja na kiunzi cha nadharia, kisha mbinu. Ongeza ratiba na bajeti. Utaliwasilisha mbele ya idara, utapewa maoni mengi, mengine yanapingana. Yaandike yote. Baada ya semina kaa na msimamizi mkubaliane yapi yanaingia, kisha mwandikie ujumbe mfupi unaorudia makubaliano hayo ili yabaki kwenye maandishi.

Nadharia uliyoitaja sura ya pili lazima ionekane ikifanya kazi sura ya nne, ile ya matokeo. Kama huoni itakusaidiaje kusoma data zako, tafuta nyingine sasa.

Hatua ya 5: Vibali

Hapa ndipo miezi hupotea, kwa hiyo anza mara tu pendekezo linapopitishwa.

Mtanzania anayesoma chuo cha umma kwa kawaida haendi mwenyewe Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waraka wa serikali wa mwaka 1980 ulimpa Makamu Mkuu wa Chuo mamlaka ya kuwapa wanafunzi na watumishi wake kibali cha utafiti, na barua za chuo huutaja waraka huo. Mtafiti kutoka nje ya nchi ndiye anayepitia COSTECH.

Barua ya chuo inaelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ofisi yake inakupa barua ya kwenda wilayani, kwa Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa Halmashauri. Kutoka hapo unapelekwa kwa mkuu wa sekta husika, kama vile Afisa Elimu au Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha kwa Mtendaji wa Kata, na mwisho Mtendaji wa Mtaa au Kijiji. Kwa mfano wetu kuna pia uongozi wa soko, na bila mwenyekiti wa soko kukutambulisha hakuna muuzaji atakayekueleza mtaji wake. Watakuona bwana wa kodi.

Soma barua yako kabla hujaondoka chuoni. Inataja kichwa cha utafiti, maeneo na tarehe za mwanzo na mwisho. Kichwa kikibadilika, au ukiongeza mkoa, barua ile haikulindi. Beba nakala nyingi, kwa kuwa kila ofisi itabaki na yake, na nakala moja ibaki kwako ikiwa na mihuri yote. Itaingia kwenye viambatisho.

Utafiti unaogusa afya za watu una sharti la ziada: kibali cha maadili, kutoka kamati ya chuo au hospitali husika, au ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kibali hiki hakitolewi kwa data zilizokwisha kukusanywa. Ukitangulia kuhoji wagonjwa kisha ukaomba, data hizo umezipoteza. Kamati itataka fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa mhojiwa, kwa hiyo andaa ya Kiswahili pamoja na ya Kiingereza. Kwa watoto walio chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe naye aulizwe.

Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina na namba za simu za wahojiwa usizichanganye na majibu yao. Mpe kila mtu namba yake ya siri, na orodha inayounganisha namba na majina ikae mahali pengine.

Kenya utaratibu ni tofauti: mwanafunzi, hata akiwa raia, anaomba leseni ya utafiti kwa njia ya mtandao kutoka NACOSTI, tume ya sayansi ya nchi hiyo iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, kisha anaripoti katika ofisi za kaunti anakokwenda.

Hatua ya 6: Uwanjani

Jaribu hojaji yako kwanza kwa watu wachache wanaofanana na walengwa lakini hawamo kwenye sampuli. Soko jingine litafaa. Utagundua swali la nne halieleweki na kwamba ukurasa wa tano hakuna anayeufikia bila kupiga miayo. Kama tasnifu ni ya Kiingereza na wahojiwa wanasema Kiswahili, tafsiri hojaji, kisha mpe mtu mwingine airudishe kwenye Kiingereza bila kuona ile ya kwanza. Zinapoachana, ndipo pa kurekebisha.

Pangilia kalenda kwa maisha ya watu unaowafuata. Shule za Tanzania hufungwa Juni na Desemba, darasa la saba hufanya mtihani Septemba na kidato cha nne Novemba. Mwalimu mkuu hatakupokea kwa furaha katikati ya mitihani. Mkulima hana saa moja ya kukupa wakati wa kupanda. Muuza mboga usimfuate asubuhi wateja wamejaa. Mchana, jua likiwa kali na soko limepoa, atakaa nawe mpaka uchoke wewe.

KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu ya hojaji, ni bure, inafanya kazi kwenye simu hata pasipo mtandao, na inakuokoa na kazi ya kuingiza karatasi 300 kwenye kompyuta. Sauti za mahojiano zihamishe jioni ileile na uziweke mahali pawili.

Hatua ya 7: Kuishi na msimamizi

Msimamizi wako anafundisha, anasahihisha mitihani, ana wanafunzi wengine na huenda ana cheo cha utawala. Kumlaumu hakutaharakisha sura yako. Kinachoharakisha ni kumrahisishia kazi. Usimtumie faili bila maelezo, lenye jina "sura mpya ya mwisho kabisa". Mtumie sura moja kwa wakati, na ujumbe wa aina hii:

"Shikamoo Dokta. Nimeambatisha sura ya tatu. Nimerekebisha usampulishaji kama ulivyoelekeza (uk. 41–43) na nimeongeza kifungu cha maadili. Naomba mwongozo wako hasa kuhusu uhalali wa hojaji, uk. 46. Naendelea na sura ya nne wakati nasubiri. Ahsante."

Ujumbe huo unamwambia pa kutazama, unaonyesha maoni yake ya awali hayakupotea, na unamjulisha kwamba hujasimama. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha kwa adabu. Ukimya ukiendelea, nenda ofisini kwake saa anazopokea wanafunzi. Wengi wanaosema msimamizi hapatikani hawajawahi kubisha mlango wake.

Kama amestaafu, amehama au yuko masomoni, mweleze mkuu wa idara kwa barua na uombe utaratibu wa kubadilishiwa. Usikae ukisubiri huku ada ya kuongeza muda inakua. Na jaza ripoti za maendeleo kila chuo kinapozitaka, kwa sababu siku ya mgogoro ndizo ushahidi wako.

Hatua ya 8: Andika, na uandike kwa jedwali

Geuza sura tatu za pendekezo kutoka wakati ujao kwenda wakati uliopita. Inaonekana dogo, lakini tasnifu nyingi hufika kwa mtahini zikisema "mtafiti atatumia hojaji". Sura ya matokeo ipange kwa malengo, lengo moja sehemu moja, ukifuata jedwali la Hatua ya 3 na kujaza zile safu mbili ulizoziacha tupu. Usieleze tena kwa maneno kila namba iliyomo kwenye majedwali ya takwimu. Sema namba hizo zina maana gani, nani alipata tofauti na wewe, na kwa nini unadhani imekuwa hivyo. Hapo ndipo mtahini anapopima kama umefika ngazi ya uzamili.

Mapendekezo yatoke kwenye matokeo. Kama hukuichunguza serikali, usimalizie kwa "serikali iongeze bajeti".

Marejeleo yatunze kwa programu kama Zotero au Mendeley kuanzia siku ya kwanza. Ikisiri, yaani muhtasari wa tasnifu, iandike mwisho, ingawa itasomwa kwanza.

Asilimia ya ulinganifu inayotolewa na Turnitin, programu ya kukagua wizi wa maandiko, huogopwa kuliko inavyostahili. Inahesabu maneno yanayofanana na maandiko mengine, yakiwemo marejeleo na nukuu halali. Mtu mwenye asilimia ndogo anaweza kuwa ameiba aya nzima, na mwenye kubwa akawa hana kosa. Fuata kikomo cha chuo chako, lakini soma ripoti yenyewe, rangi kwa rangi. Usibadilishe maneno mawili matatu ili kuikwepa programu. Soma chanzo, kifunge, andika ulichoelewa, mtaje mwandishi wake. Akili mnemba nayo ina kanuni zake katika kila chuo, ziulize mapema. Hatari yake kubwa kwa tasnifu ni marejeleo ya kubuni: jina la mwandishi linavutia, mwaka upo, jarida lipo, makala haipo. Mtahini akilitafuta moja tu akalikosa, hataamini mengine.

Hatua ya 9: Kuwasilisha, utetezi na marekebisho

Vyuo vingi vinataka taarifa ya kusudio la kuwasilisha miezi kadhaa kabla, ili idara ipate muda wa kuteua watahini wa ndani na nje. Ipeleke ungali unamalizia sura ya mwisho. Mahafali ya vyuo vingi vya Tanzania huangukia mwisho wa mwaka, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: kikao cha Seneti, muda wa marekebisho, muda wa watahini kusoma. Hakiki kwamba hudaiwi ada, maana deni dogo linaweza kuzuia faili lote.

Kwenye utetezi, wasilisho lako lisimulie tatizo, ulichofanya na ulichokuta. Mapitio ya maandiko yasikulie dakika. Jiandae kwa maswali yanayorudi kila mara: kipya hapa ni nini, kwa nini nadharia hii, kwa nini sampuli hii, ungeanza upya ungebadilisha nini. La mwisho si mtego. Jibu kwa ukweli, ukionyesha unaijua mipaka ya kazi yako. Usipolielewa swali, omba lirudiwe. Usipokubaliana na mtahini, sema sababu yako mara moja kwa utulivu, kisha andika maoni yake.

Karibu kila mtu hutoka na marekebisho. Tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya mtahini kama alivyoyaandika, ulichofanya, na ukurasa. Pale ambapo hukufuata maoni, eleza sababu. Jedwali hili humwezesha anayehakiki kuthibitisha marekebisho bila kusoma upya kitabu kizima, nawe unapata sahihi yake mapema.

Usiende kwa mfunga vitabu kabla ya sahihi hiyo. Rangi ya jalada, maandishi ya mgongoni na idadi ya nakala viko kwenye kanuni, na wenye vibanda vya kuchapa karibu na chuo wanavijua kwa kichwa, lakini waonyeshe kanuni hata hivyo. Baada ya hapo peleka nakala maktaba pamoja na faili la kielektroniki, kisha zungusha fomu ya kutodaiwa kwenye ofisi zote zilizotajwa humo. Maktaba wakikuambia una kitabu hujarudisha, kitafute siku hiyohiyo.